Mmoja A, Mwingine B

Nyumbani kwetu vitu vilinunuliwa viwili viwili. Mswaki wangu ukivunjika, wa dada yangu nao ulitupwa, tukaanza upya wote. Sisi ni mapasa, yaani pacha, na mama yetu, aliyetoka kaskazini, kwa Waluba, alilelewa akijua kwamba mapasa hawapimwi kwa vipimo viwili. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimsifu mmoja, geuza shingo umsifu na wa pili. Mimi nikichapwa kwa kosa langu, dada yangu aliguswa kidogo na fimbo kwenye kisigino ili asijione amesahauliwa. Yeye alikuwa mtulivu, mimi mtundu. Nadhani aliguswa mara nyingi sana kwa ajili yangu, na mimi sikumbuki hata siku moja nilipoguswa kwa ajili yake.

Kwa mama hayo hayakuwa mzaha. Alipokuwa msichana mdogo, nyumbani kwao walikuwako mapasa wengine, wadogo zake. Mjomba mmoja alikuja kutembea akamletea mmoja wao kitenge, wa pili hakumletea kitu. Masika yale yale yule wa pili aliugua akafa. Watu wa kwao walisema alikasirika, akarudi alikotoka. Daktari angetaja ugonjwa wenye jina, lakini mama alikuwa mtoto, hakuambiwa jina la ugonjwa. Aliambiwa habari ya kitenge.

Baba alikuwa mtu wa upande wa Kapolowe, Mkatoliki wa kila Jumapili, fundi katika karakana za Panda, katika mji wetu wa shaba. Alisema haamini mambo ya mapasa kukasirika. Hata hivyo sijapata kumwona akirudi kutoka mjini na pipi moja.

Tulisoma shule ya msingi mwendo mfupi kutoka kambi ya wafanyakazi tulikokaa. Miaka minne ya kwanza tuliketi dawati moja, tukitumia kitabu kimoja. Mwalimu akiniuliza swali, baada ya jibu langu alitupa jicho upande wa pili kuona kama uso wa dada yangu umesema jambo tofauti. Walimu wote walifanya hivyo. Sikuwalaumu, lakini nilichoka mapema kuliko walivyodhani.

Tulipoingia mwaka wa tano alikuja mkuu wa shule mpya, mtu mfupi mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakaa lenyewe. Aliona aibu kwamba shule yetu haikufanya vizuri katika mtihani wa taifa wa mwaka wa sita. Dawa yake ilikuwa kugawa watoto. Waliopata asilimia sabini na kuendelea katika mwaka wa nne waliingia darasa la A, la wenye akili. Waliobaki waliingia B. Orodha zilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Dada yangu alikuwa na sabini na moja. Mimi nilikuwa na sitini na nane. Tofauti yetu ilikuwa maswali mawili au matatu ya mwaka mzima, na katikati ya maswali hayo ukajengwa ukuta.

A walipewa jengo lenye dari, madawati ya watu wawili, na mwalimu wa kike kijana aliyekuja na mafungu ya mitihani ya miaka iliyopita. B tulipewa jengo refu la mabati, zaidi ya watoto sitini, wanne kwenye benchi la watatu. Mvua ikinyesha mwalimu alinyamaza, kwa sababu hata angepiga kelele asingesikika.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu walimu hawapendi nikilisema: B nilifurahi. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi kwenye bohari ya kiwanda kabla kazi haijapungua, na alifundisha hesabu kwa namna ya bohari. Alileta mizani. Alitupa mawe ya kijani ya shaba tuyakadirie kwa mkono kwanza, halafu tuyapime, na aliyekadiria karibu zaidi ndiye aliyefuta ubao, heshima kubwa kwetu. Tulipima uwanja kwa hatua. Tulihesabu mabati ya paa na kutafuta ni mangapi yangehitajika kama paa lisingevuja. Aliniuliza swali, nikajibu, akasema "Eeh," akaendelea na mwingine. Hakutazama uso wa pili, maana haukuwapo.

Dada yangu naye alifurahi, kwa sababu yake. Tangu tukiwa wadogo alipenda kufundisha. Alikuwa akiwapanga watoto wa majirani kwenye ngazi ya simenti mbele ya nyumba, akawaandikia herufi kwa mkaa ukutani, na baba kila mwezi alipaka chokaa upya akilalamika bila nguvu. Sasa mwalimu wa A aliligundua hilo. Mtoto asipoelewa, alimwita dada yangu ubaoni aeleze. Alirudi nyumbani na chaki mikononi, hataki kunawa mpaka mama amgombeze. Aliniambia amekwisha kujua atakuwa nani. Mtu wa miaka kumi na moja akisema hivyo kwa kawaida humsikilizi, lakini yeye nilimsikiliza.

Kwa wiki mbili tulimficha mama. Yeye alificha asije akapoteza A, na mimi nilificha nisije nikapoteza B. Tuliondoka pamoja asubuhi, tukarudi pamoja, hakuna aliyesema uongo. Siri ilipasuka Jumapili nje ya kanisa, mwalimu wa A alipokuja kumpa mama mkono wa hongera.

"Félicitations, mama. Mutoto wako iko mu A, iko na akili kabisa."

"Mutoto wangu gani?" mama akauliza. "Minye niko nabo babili."

Siku iliyofuata alitupeleka ofisini kwa mkuu wa shule, tumevaa sawa kuanzia utepe wa nywele mpaka soksi.

"Monsieur le Directeur," mama alisema, "aba batoto ni mapasa. Mapasa habatenganishake."

"Mama, hii haiko mambo ya mapasa. Ni mambo ya pourcentage. Huyu iko na septante et un, sabini na moja, ule hana nayo."

"Basi batie bote mu A."

"Mu A nafasi haiko."

"Basi bashushe bote mu B."

Mkuu wa shule aliweka kalamu chini. "Mama, miaka yote ya hii kazi, siyasikia bado muzazi anaomba bashushe mutoto wake."

"Leo umesikia," mama alisema, bila hasira yoyote.

Dada yangu hakulia. Alitazama mkono wake wa kuume, uliokuwa bado na chaki ya Ijumaa kwenye kucha. Nadhani mkuu wa shule aliuona mkono huo, kwa sababu alitafuta njia. Alisema Jumamosi nije peke yangu nifanye jaribio la maswali kumi ya hesabu. Nikipata saba, ataongeza kiti katika A na mapasa watakaa pamoja huko. Nisipopata, tutakaa pamoja B, na lawama si yake. Mama aliona ni haki. Kwake ilikuwa sawa kabisa, maana njia zote mbili zilituacha pamoja.

Jioni baba alijaribu. "Acha ule mwenye anaweza aendelee. Haiko kosa yake."

"Na siku ule mwingine atakasirika na kurudia, nani atamulia?" mama alijibu akisonga bukari, ugali wetu. "Weye?"

Baba alinawa mikono.

Hivyo mwaka mzima wa dada yangu, na aliloamini litakuwa maisha yake, vikawekwa kwenye penseli yangu. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na hakupoteza muda kulalamika. Kuanzia siku hiyo mpaka Ijumaa, tukimaliza kuosha vyombo mchana, alinikalisha kwenye ngazi ya simenti na kunifundisha. Alikuwa mkali. Nikijibu haraka aliuliza, "Juu ya nini?" na nikishindwa kusema kwa nini, jibu langu hata kama ni sahihi alilikataa. Alinifundisha asilimia, akanifundisha hesabu za kugawana, akafika kwenye swali ambalo mitihani ya taifa hailiachi: bomba linajaza pipa, pipa lina tundu, litajaa baada ya saa ngapi?

Hilo alilitayarisha kabisa. Alichukua kopo la maziwa, akalitoboa kwa msumari, akaliweka chini ya bomba la uani. Aliniambia nitazame maji yanayoingia. Baadaye aliniambia nitazame yanayotoka. Alinieleza kwamba saa moja ya bomba haiingizi maji yote ya bomba, bali inaingiza yale yaliyobaki baada ya tundu kuchukua yake. Nimefundisha sasa miaka kumi na miwili. Nimelieleza swali hilo kwa mamia ya watoto, na ninalieleza kwa kopo lililotobolewa, kwa sababu sijaona njia bora zaidi.

Ijumaa alinipa maswali kumi aliyoyatunga mwenyewe. Nilipata tisa. Alinikumbatia, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo.

Jumamosi niliketi katika ofisi ya mkuu wa shule, yeye akisoma karatasi zake. Watu hupenda kusikia kwamba mtoto alitetemeka. Sikutetemeka. Nilifanya maswali sita ya kwanza, nikajua yote sita ni sahihi. La saba lilikuwa lile la pipa. Pipa la lita mia tatu na sitini, bomba la lita sitini kwa saa, tundu la lita kumi na tano. Nilitoa kumi na tano kwenye sitini kichwani, nikagawa, nikaona nane. Dirisha lilikuwa wazi na mabati ya B yalionekana upande wa pili wa uwanja. Nikaandika sita, kama mtu aliyesahau kwamba kuna tundu.

Maswali matatu yaliyobaki niliyafanyia hivyo hivyo. Kukosea vizuri kunataka akili. Ilinibidi nilijue kwanza jibu la kweli, halafu nitafute kosa ambalo mtoto wa kawaida angelifanya. Ukiniuliza mimi, katika jaribio lile nilipata yote kumi.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya vile kwa ajili ya mwalimu wa mizani. Ni kweli, nilimpenda, na nilijua huko A nitakuwa tena nusu ya kitu. Lakini si kweli yote. Nilikuwa na wivu. Nilipomwona akirudi na chaki mikononi, roho iliniuma kama jino. Nilitaka ashuke. Nilitaka akae kwenye benchi la wanne, aone kwamba huko nako kuna watu. Sikufikiria mbali kuliko hapo, na sitajitetea kwa kusema nilikuwa mtoto, kwa sababu mtoto huyo alipanga makosa manne kwa ustadi.

Mkuu wa shule alisahihisha mbele yangu. Alikaa kidogo akitazama lile la saba, kisha akanitazama mimi. Alisema, "Dommage," yaani bahati mbaya, akanipa karatasi nimpelekee mama.

Mama aliipokea akaikunja bila kuisoma. Alikuwa ametulia, hata alipika ndakala, dagaa wa kwetu, siku hiyo, akatugawia kwa kuwahesabu mmoja mmoja. Dada yangu ndiye aliyeikunjua ile karatasi. Aliisoma amesimama karibu na bomba la uani, polepole, mpaka kwenye swali la pipa. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata na majibu.

"Haiko kosa yako, yaya," alisema. Alikuwa akiniita yaya, dada mkubwa, kwa sababu nilimtangulia kuzaliwa. "Ni minye nilikufundisha mubaya."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilisema nina njaa, nikaingia ndani.

Jumatatu alikuja B na mfuko wake, akaketi wa nne kwenye benchi letu. Mwalimu wa mizani alimkaribisha vizuri. Mtoto mmoja aliposhindwa na desimali, mwalimu, ambaye alikuwa amesikia habari zake, alimwita ubaoni aeleze. Dada yangu alisimama, akashika chaki, akasema hajui. Mwalimu alimwita tena wiki iliyofuata. Alisema hajui. Mzee hakumwita tena.

Mwaka wa sita tulifaulu wote wawili. Siku ya kutangaza matokeo, wazazi walijaa uwanjani na makopo ya poda, kama ilivyo desturi ya kuwapongeza waliofaulu. Dada yangu alikuwa wa kwanza katika B, mimi wa tano. Mama alitumwagia poda kichwani kwa kipimo kimoja. Alimwaga kwake, akamwaga kwangu, akatazama, akaongeza kidogo kwangu ili tulingane. Wa A walifaulu karibu wote, na wa B nao wengi kuliko mkuu wa shule alivyotarajia. Kuna watoto wa A walioendelea mpaka shule za Mulungwishi na mbele zaidi. Mmoja ni mhandisi. Mwingine, aliyekuwa akimpita hata dada yangu, alikuwa mchimbaji wa madini kwa mikono na udongo ulimwangukia. Mtu akiniuliza kama kugawa watoto ni vizuri au vibaya, nina mifano ya kila jibu, kwa hiyo sinyanyui mkono.

Tulipofika umri wa kuchagua masomo, kila mtu alidhani dada yangu atachagua ualimu. Alichagua ushonaji. Alimwambia baba kwamba mtu aliyeshindwa kumfundisha hata pasa wake, watoto wa watu atawafanya nini. Alilisema kama mtu anayesema viatu havimtoshi. Mama alitaka na mimi nikashone, ili tuwe sawa, lakini wakati huo tulikuwa tumekua, na mama alianza kuchoka. Mimi nikachukua ualimu. Nafasi ilikuwa hapo, haina mtu.

Mwaka jana, shuleni ninakofundisha, mkurugenzi wetu alituita kikaoni. Wazazi wanataka darasa la wenye vipaji, akasema, na kila mwalimu alete majina kumi. Wenzangu walibishana saa nzima. Mmoja alisema mtoto mwepesi akichanganywa na wazito analala. Mwingine alisema ukimwondoa mwepesi, waliobaki hawana wa kumwangalia. Wote wawili walisema kweli. Mimi niliandika majina tisa, nikashindwa na la kumi, kwa sababu walikuwako watoto wawili waliopishana kwa alama moja. Niliiacha karatasi mezani, nikaenda kwa dada yangu.

Alikuwa nje ya nyumba yake na cherehani, anashona sare za shule. Biashara yake ni nzuri, sare zake hazipasuki. Niliketi kwenye kiti cha wateja, nikamweleza yote kwa mpangilio: dirisha, mabati, nane niliyoiona kichwani na sita niliyoiandika, makosa matatu mengine. Nikamwambia na wivu. Sikulia. Nilisema kama ninavyosema hapa.

Aliusimamisha mguu kwenye cherehani akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka kidogo, kicheko chema.

"Usinidanganye, yaya. Unasema ivi juu ya kunituliza roho."

"Ni kweli. Nilijua."

"Hapana. Minye nilifikiriaka ile mambo miaka mingi. Nilianza na bomba. Ingefaa nianze na kitundu. Muntu akiona maji inaingia kwanza, ya kutoka anaisahau."

Nilimwambia tena. Nilimwambia mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Alinishika goti akaniambia niache kujisumbua, hayo ni ya zamani, na mimi nina roho nzuri tangu utotoni. Wakati huo binti yake wa mwaka wa tano alitoka ndani na daftari, akamwonyesha hesabu iliyomshinda. Dada yangu aliitazama. Nilimwona akipata jibu. Najua uso wake unavyokuwa anapopata jibu, maana ni wangu.

"Enda kwa mama mukubwa," alimwambia mtoto. "Minye sijuake kufundisha."

Mtoto akaja na daftari lake, akasimama mbele yangu akingoja.